Somo Yako Hakumaliza Kumjibu Dudumizi

Gongo la Mboto,
Njia ya Pugu.
Jumanne, mwanzo wa vuli.

Kwako Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Mama. Na ya pili pia shikamoo, hiyo naitanguliza kwa ajili ya mambo nitakayokueleza, maana ukishayasikia sijui kama utapenda kuitikia.

Mgongo unaendeleaje? Felista aliniandikia kwamba umerudi kupanda shamba la juu na tenga kichwani, kana kwamba hukuugua. Mama, tafadhali. Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu wa treni imefika, au ameinywa yeye? Na maharage yameshikaje? Sie huku wazima wa mwili. Martini anaota meno na hanipi usingizi, mchana nikikaa chini natamani kulala pale pale nilipokaa. Baba Sesilia hajambo, genge lao la reli limesogezwa mbele, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili, na Martini akimwona analia kama kaletewa mgeni. Kisima chetu kimeshuka sana. Ndoo inapanda na tope, tunaiacha itulie ndipo tuchote ya juu. Mawingu yanakuja kila siku mpaka juu ya vilima vya Pugu, yanakaa kama watu waliokuja kwenye shauri, halafu yanaondoka.

Felista mdogo wangu, wewe unayesoma, keti karibu na Mama na usome polepole. Usiruke. Nakujua, ukifika mahali pabaya utataka kumhurumia Mama, au kunihurumia mie, na utaupita mstari kama hukuuona. Soma kama nilivyoandika. Na katekista asiitwe kukusaidia, hata mwandiko wangu ukiwa mbaya.

Mama, umesema utakuja kwa ubatizo wa Martini. Padre ameshauliza mara mbili kwa nini tunachelewa, nami namjibu tunamngoja bibi wa mtoto. Nilipopata habari kwamba unakuja nilifurahi, kisha nikaogopa. Utakapofika hapa, somo yako Sesilia, binti yangu niliyempa jina lako, anaweza kukwambia neno moja litakalokuumiza, naye atalisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha mlango wa nyumba ulipo. Nataka neno hilo ulisikie kwangu kwanza, kwa kuwa lilitoka kinywani mwangu.

Ilikuwa hivi. Hapa akina mama tuna darasa la kushona kila Jumamosi. Anayetufundisha ni Mzungu, mke wa bwana mmoja wa misitu, tunamwita Bibi Ndege. Ana jina lake, lakini hilo la Ndege limemkaa zaidi, maana hata katikati ya kupinda pindo akisikia kitu kimelia nje atatuinulia kidole tunyamaze. Si mtu mbaya. Kiswahili chake kinakishinda cha mume wangu. Basi akatuambia vuli imekaribia, ndege wa safari wameanza kuingia, Jumamosi ijayo hatutashona, tutapanda msitu wa Pugu na watoto wetu tukatazame ndege na wanyama. Watu wakatazamana. Jirani yangu Mama Zuhura, Mzaramo wa hapa hapa, mwanamke ambaye hata akiwa na sindano mdomoni hanyamazi, akasema yeye ana kuku tele uani kwake na hajaona sababu ya kumtazama hata mmoja kwa darubini.

Mie nilitaka kwenda. Nakuomba ulijue hilo. Tangu nimeshuka huku sijapanda kilima, na nilitamani kusikia majani makavu chini ya miguu, na ile harufu ya udongo wa kivulini. Nikatoa khanga zangu mpya. Nikamvika somo yako gauni jeupe nililomshonea mwenyewe, lenye kola na mikono ya puto, kazi ya wiki tatu za kuiba dakika mtoto akilala. Nilitaka watu waone kwamba mie pia ni mtu wa mjini. Hapa nilipo, Mama, watu wa bara tuna jina letu. Wakisema "wale wa mlimani", hawasemi kwa matusi, wanacheka tu. Lakini kucheka huko unakwenda nako nyumbani.

Tukaondoka asubuhi, Martini mgongoni, Sesilia nimemshika mkono. Tulipita mikorosho na mashamba ya mihogo, kisha kijia kikaingia msituni na kukawa na ubaridi. Bibi Ndege alitangulia, darubini kifuani na kitabu cha picha kwapani, akatukataza kusema. Fikiria wanawake wote wale wamekatazwa kusema. Tulikwenda hivyo kitambo, tukisukumana viwiko. Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao yakivuma kama mivukuto ya mhunzi, na Martini akaacha kulia akafungua mdomo. Tukaona mbega juu ya mti mkubwa, mikia yao myeupe imening'inia kama nguo zilizoanikwa, wakatutazama sana, wala hawakukimbia. Tukamwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anaruka juu ya majani makavu. Mama Zuhura akashindwa kujizuia. Akanong'ona kwamba huyo mama yake panya lakini baba yake tembo, na nyumbani kwao lazima kulikuwa na kesi. Wanawake wakajikaba na khanga wasicheke, wapi.

Palipo na uwazi tukawakuta keremkerem wamejipanga kwenye tawi kavu, migongo ya rangi ya kutu, koo za manjano. Bibi Ndege akasema kwa sauti ya furaha kwamba hao wametoka Ulaya, wamekimbia baridi, na mvua ikiisha watarudi kwao. Mama Zuhura akauliza kwa adabu kabisa, uso mkavu, kama hao nao wamekuja kutawala au wamekuja kutembea tu. Hata Bibi Ndege alicheka, akawa mwekundu mpaka masikio.

Na somo yako alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba yake alipomleta kutoka kwako mwisho wa kipupwe. Unajua alivyokuwa siku zile za kwanza, nilikuandikia. Alilia akitaka ukili wako, akitaka moto wako, akitaka kulala mgongoni pako. Siku ile msituni alikuwa mtoto wa pale. Aliona kororo, yule kanga wa msituni, kwenye kichaka, akaonyesha kwa kidevu kama ulivyomfundisha, hakuinua kidole. Bibi Ndege akampa darubini, akaishika kinyume, akatutangazia kwamba Mama Zuhura amekwenda zake, yuko mbali kule, mdogo kama siafu. Nilimpenda sana saa ile, Mama. Nasema hivyo ili uelewe kilichofuata, maana mie mwenyewe sijakielewa.

Dudumizi, ndege wetu wa mvua, akalia. Wa kwanza niliyemsikia vuli hii. Unamjua anavyoanza, kama maji yanayotoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, yakishuka, yakishuka. Sesilia akaniachia mkono. Akachuchumaa katikati ya kijia, akaweka viganja vyote viwili chini kwenye udongo, akaanza kumjibu kwa Kiluguru, kwa sauti kubwa, kama anavyopaswa kujibu mtoto aliye mdogo kuliko wote wanaojua kusema. Akamwamkia ndege. Akamwambia kwamba nyumbani tuko macho na mbegu ziko mkononi. Akachukua vumbi akajipaka kwenye paji la uso, na gauni likaburuzika chini.

Nilijua ninachopaswa kufanya. Sikusahau. Mtoto akimjibu dudumizi, wakubwa wanatua mizigo, wanainama, na hakuna mtu anayemkatiza mpaka amalize kuomba. Hata wewe siku ile ulipokuwa na chungu cha moto mkononi ulikiweka chini ukainama, nami nilikuwa mdogo nikaona vidole vyako vimeungua. Magoti yangu yalitaka kukunjika yenyewe. Lakini nikaliona gauni. Nyuma yangu mtu akacheka puani, na mwingine akauliza taratibu kama mtoto ana shetani. Nikamshika somo yako kifundo cha mkono nikamnyanyua juu, alikuwa bado anasema. Alikuwa hajafika kwenye kuomba. Nikampangusa paji la uso kwa nguvu, kwa mate, mpaka akafumba macho.

Bibi Ndege akageuka. Uso wake ulikuwa wa upole, hilo nalo lazima niseme, hakuna aliyenilazimisha. Akauliza mtoto alikuwa anafanya nini, ni nani aliyemfundisha, ni desturi ya kwetu? Nami nikamjibu, "Hapana, Bibi. Huyu alilelewa na mzee mmoja wa shamba."

Mzee mmoja wa shamba. Hayo ndiyo maneno, Mama. Felista, kama umeyaruka, rudi uyasome.

Sikusema mama yangu. Sikusema hata bibi yake. Nimekaa na maneno hayo nikiyageuza huku na huku nione kama yana upande ambao si mbaya, sijauona. Uliyenizaa, uliyemchukua mwanangu nilipomwachisha ziwa ukamlea miaka miwili kwa mgongo mgonjwa, nilikufanya mpita njia.

Njia nzima ya kurudi somo yako hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alitembea mbele yangu amenyoosha mikono mbali na gauni. Tulipofika nyumbani akaenda mwenyewe penye beseni, akaosha viganja, akavitazama, akaviosha tena, na maji yenyewe ndiyo hayo ya shida. Jioni nikamsemesha Kiluguru, akanijibu Kiswahili. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka leo ni hivyo hivyo.

Siku chache baadaye nilikuwa napepeta mchele uani, yeye na Zuhura, binti wa jirani, wanacheza nyuma ya ukuta. Zuhura akamuuliza zamani alikuwa anakaa wapi. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mie nililelewa na mzee mmoja wa shamba." Ungo ulinitoka mkononi.

Sasa sikia aibu nyingine, hii ina kichekesho ndani yake na sijui kama nitaweza kukuchekesha. Mvua haijanyesha. Kila siku kisimani tunachungulia chini tukiona nyuso zetu ndogo, na akina mama wameanza kunitania. Mmoja akasema wingu limesikia mtoto amekatizwa, limesusa. Mwingine akasema labda yule ndege bado amesimama kwenye tawi anangoja sehemu iliyobaki. Nilidhani wananicheka kama siku ile. Lakini juzi Mama Zuhura alikuja kwangu na kashata za nazi ndani ya jani la mgomba, akampa Sesilia, akamwita "mjukuu wangu", akambembeleza amalizie maneno yake kwa dudumizi, kwa kuwa ndege yumo humu humu kwenye mihogo na anasikia. Hakuwa anatania tena. Somo yako alipokea kashata kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akasema hawezi. "Hayo ni mambo ya watu wa shamba," akasema.

Mama Zuhura akanitazama. Mwanamke yule nimemwona akitazama watu kwa jicho la kila namna, lakini lile sikulijua. Akakaa kwenye kinu changu kilicholala.

"Mwenzangu, kwa nini hukumwacha amalize?"

Nikamwambia walicheka.

"Tulicheka, ndiyo. Sie si hata mazikoni tunacheka? Mama yangu bundi akilia anafunika vyungu vyote vya nyumba, na sie wanawe tunacheka huku tunamsaidia kufunika. Wewe ulimwogopa nani, sie au Mzungu?"

Nikaanza kuokota makombo ya kashata.

Jana nilikwenda kwa Bibi Ndege. Nilijifunga khanga, nikamwacha Martini kwa Mama Zuhura, nikaenda kwa miguu. Nikamkuta barazani anachora ndege. Nikamwambia, Bibi, yule mzee niliyekwambia, aliyemfundisha mtoto, ni mama yangu mzazi, na ile ni desturi ya kwetu, nilikudanganya. Aliinua uso akafikiri. Hakukumbuka vizuri. Halafu akasema ah, vizuri sana, na akauliza kama mama yangu anajua majina ya ndege wa milimani, angependa kuyaandika. Akaendelea kuchora. Aibu hii nilikuwa nimeibeba kama mtungi uliojaa, nikafika pa kuumwaga, hakuna aliyetega chombo. Nilirudi nayo yote.

Nikajaribu mwenyewe. Leo asubuhi dudumizi amelia nyuma ya choo. Nikachuchumaa uani, viganja chini, watu wakipita njiani wakiniona, sikujali. Nikamwamkia, nikamwambia habari za nyumbani. Nilipofika kwenye kuomba nikakwama. Sehemu hiyo niliisahau miaka niliyokuwa bwenini kwa masista nikijifunza kupinda pindo. Sesilia alikuwa amesimama mlangoni. Akanirekebisha kwa Kiswahili, bila hasira, "Wewe ni mkubwa. Anajibu mdogo." Kisha akaingia ndani. Lakini Mama, alisimama mpaka nilipokwama. Nilimwona midomo ikitaja maneno yale bila sauti.

Kwa hiyo sasa nasema ninachotaka, na naomba usione nimekosa adabu, maana mtu aliyekosa namna hii hana haki ya kuagiza.

Njoo mapema. Usingoje Jumapili ya ubatizo. Njoo wiki hii au wiki ijayo, Baba Sesilia atakupokea stesheni, wenzake wa genge wanajua treni zote. Mtoto akikwambia neno lile, usimtazame yeye, nitazame mie. Usimwonye, usimnunie, usimwambie kwamba umeumia. Yeye amebeba tu nilichomtwika. Kama una la kunisema niseme mbele ya Mama Zuhura na wote watakaokuwa uani, kwa sababu nilipokukana kulikuwa na watu.

Na najua la pili utakalosema. Utasema, nirudishie mtoto wangu, huko mnamharibu. Hapana, Mama. Hilo nalikataa mapema, nikiwa nimepiga magoti lakini nalikataa. Nikimrudisha atajua kwamba mambo yako ni ya mlimani tu, kwamba huku chini yanafichwa. Kosa lilifanyika huku, litatengenezwa huku. Wewe ndiye utakayeshuka, ukae nasi mpaka mvua ishike, umfundishe palepale uani, na mie nitainama nikiwa nimevaa khanga ile ile.

Usipokuja nitajua umekasirika, wala sitauliza sababu. Nitamfunga Martini mgongoni, nitamshika Sesilia mkono, nitapanda treni nije.

Nisalimie Mjomba Kostansi, mkubwa wetu wa ukoo. Yeye asomewe au asisomewe, utaamua mwenyewe, nimekuachia. Nisalimie shangazi Agata mfinyanzi, mwambie chungu chake kimefika bila ufa na ndicho ninachochemshia uji wa Martini. Wasalimie watoto wa Felista, na mume wake mchimba mifereji, na mama mkubwa aliye kipofu, mshike mkono unapomwambia ni mimi.

Nilikuwa nimeshaikunja karatasi, somo yako akaja akasimama penye goti langu, anataka kujua ninamwandikia nani. Nikasema namwandikia mama yangu. Akashangaa. Akauliza ni yupi huyo. Nikamwambia ni Bibi yako, yule uliyekaa naye, aliyekufundisha kuonyesha kwa kidevu, ndiye mama yangu, mie ni mtoto wake kama wewe ulivyo wangu. Akanitazama usoni kwa muda, akitafuta kama anavyotafuta kwenye mti kitu ambacho watu wamemwambia kipo. Kisha akauliza, "Na yeye anajua kwamba wewe ni mtoto wake?"

Nikamwambia anajua.

Njoo, Mama, usije ukanifanya mwongo mara ya pili.

Ni mimi mwanao,
Monika, binti Sesilia wa mlimani.